Saruji ya Ukingo wa Kisima

Bara, Jumapili, Mfunguo Nne

Kwa kaka yangu Faki Shaame,
Kiuyu, Pemba.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo kaka. Namwomba Mola barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Salma na watoto, na mama yetu akiwa juu ya kitanda chake cha kamba akilalamika magoti, maana siku mama asipolalamika ndiyo siku ya kuogopa. Dawa ya kuchua nimempa Bi Asha amletee. Achuliwe jioni, na asikae kwenye upepo baada ya hapo.

Sisi huku hatujambo kwa uwezo wake Allah. Mume wangu Abeid kifua hakijamwachia. Akitoka zamu hukohoa mpaka nimchemshie tangawizi, akishakunywa hulala, akiamka huenda tena kiwandani kwenye saruji. Mimi na cherehani yangu tunasukumana. Watoto wanasoma, na yule mdogo sasa anasema Kiswahili cha huku mpaka nikimwambia jambo kwa lugha ya kwetu ananicheka.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu tunazo. Kila Ijumaa baada ya sala unanipigia, na kwa hilo nakushukuru. Lakini nimegundua, kaka, kwamba kwenye simu una milango mingi ya kutokea. Nikikubana, mtandao unasumbua. Nikikubana tena, unampa mtoto simu aniambie, "Shangazi hujambo?" na mimi nikisikia sauti ya mtoto moyo hulainika, nasahau nilichokuwa nauliza. Barua haina mtandao. Isome hadi mwisho, kisha umsomee mama, yote, usiruke mstari. Bi Asha Makame ndiye anayekuletea, na nimemwomba asiondoke hapo mpaka umalize. Mpe kiti.

Bi Asha alifika kwetu wiki mbili baada ya Iddi Kubwa, kuja kumtazama binti yake aliyejifungua. Unamjua jirani yetu, haji mikono mitupu. Aliniletea pweza mkavu, mbata, na chupa ya maji ya lita moja na nusu, kizibo kimefungwa kwa kipande cha kanga ya mama. Nilipoiona ile kanga nilitaka kulia kwa furaha.

Wewe unajua habari ya chupa hizo. Tangu niolewe huku, hapiti mtu wa Kiuyu anayekuja Bara ila mama humpa maji ya kisima chetu aniletee. Watu humcheka. Humwuliza, kwani Bara hakuna maji? Naye huwajibu, "Yapo, lakini hayamjui mwanangu." Na mimi nina taratibu zangu. Humimina kwenye kikombe cha bati, nikakaa chini kwenye mkeka, nikasema bismillahi, nikanywa kidogo kidogo huku nimefumba macho. Abeid husema siku hiyo hata akiniita sisikii.

Basi nikamimina, nikakaa, nikasema bismillahi. Nilipiga funda moja tu. Kaka Faki, niliyatema.

Nikamwambia Bi Asha, "Chupa hii imeharibika njiani. Labda kwenye meli iliingiwa na maji ya bahari."

Akasema, "Kizibo si umekifungua weye mwenyewe? Maji nimeteka mie alfajiri, mama'ko kasimama papo hapo ananitazama."

"Sasa mbona ya chumvi?"

Akawa anakunja pindo la buibui lake na kulikunjua. Mwisho akasema, "Mama'ko kanambia hivi: mpelekee Mize maji yano. Usimwambie kitu, mwache aonje mwenyewe. Akishaonja akikuuliza, usimfiche."

Nikamwuliza. Hakunificha.

Sasa kabla sijasema yako, niseme yangu, maana sitaki uje useme Mize anajifanya malaika. Saruji ya kwanza niliituma mimi. Iddi ya mwaka juzi kiwanda kiliwagawia wafanyakazi mifuko ya saruji, na Abeid akapata mifuko minane. Wenzake waliiuza siku ile ile getini. Mimi nikamkatalia. Nikasema itakwenda Kiuyu ikajenge ukingo wa kisima, kwa sababu mbuzi wa Bi Asha alikuwa ametumbukia mwezi ule, na mimi nikawaza, leo mbuzi, kesho mtoto wa Faki. Nikasimama mwenyewe bandarini mpaka nikaona mfuko wa nane umepakiwa. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Niliwaambia hadi wateja wangu wa nguo kwamba nyumbani tunajenga.

Ukaniambia kwenye simu kwamba ukingo umekwisha, umetoka laini kama sahani, na kwamba kabla haujakauka umeandika kwa msumari majina yetu wawili, Faki na Mize. Nilifurahi, kaka. Nilimsimulia Abeid mara mbili.

Hukuniambia kwamba ukingo ulikula mifuko mitatu, ikabaki mitano. Wala hukuniambia mitano ile ilikusumbua akili. Saruji hailiwi peke yake, ina kitoweo chake nacho ni mchanga, na mchanga mzuri uko wapi pale kwetu kama si kwenye kipande changu cha shamba? Ukachimba pembeni, karibu na mnazi ule inapotundikwa kata ya kutekea maji. Ukafyatua matufali. Yakatoka mazuri, ukanunua saruji nyingine, ukachimba tena. Watu wakasikia. Gari ikaanza kuja kutoka njia kuu kuchukua mchanga na matufali, ikapita katikati ya mihogo ya mama. Bi Asha anasema shimo sasa ukisimama ndani yake huonekani kichwa, na minazi saba imelala chali mizizi juu. Anasema bahari ikijaa kwa bamvua shimo linajaa maji lenyewe kutokea chini, bila mvua kunyesha, na kaa wanatembea mle kama wako ufukweni. Bahari imekaribishwa, nayo haikuona sababu ya kukataa.

Na kisima kiko hatua ishirini kutoka hapo! Mchanga ule ndio uliokuwa unakilinda. Baba alituambia tukiwa wadogo, tukichezea kuchimba karibu na kisima alitukimbiza na bakora, akisema maji matamu yamelala juu ya maji ya chumvi, tusiyaamshe. Mimi nilidhani anatutisha tu ili tusichafue. Wewe ulikuwa mkubwa kuliko mimi, ulielewa.

Kipande kile ni changu. Sisemi kwa uroho. Baba alipotangulia, shehe alitukalisha barazani akatugawia kama alivyoamrisha Mungu. Wewe ukapata juu, kwenye mikarafuu. Mimi nikapata chini, kwenye minazi na kisima, na sote tukakubaliana kisima ni cha wote. Nilipoondoka nilikwambia mbele ya mama: kaka, nakuachia amana. Ukaniambia, "Nenda zako mdogo wangu, utarudi ukute kama ulivyoacha." Nilikuwa na hamu ya kurudi hapo. Abeid akistaafu tungejenga vyumba viwili, fito na udongo, tutomee mawe vizuri, tupake chokaa, na mlango utazame kisima. Nimekuwa nikiijenga nyumba hiyo kichwani kila ninaposhona. Sasa Bi Asha ananiambia mahali pa nyumba yangu pana kaa.

Lakini hilo ningelimeza. Ardhi ni ardhi, na wewe ni kaka yangu. Kilichonivunja ni nyumba ya mama.

Kila Shabani, tangu tuna akili, nyumba ile husiribwa upya kwa udongo kabla ya Ramadhani. Wanawake wa mtaa huja, mama mdogo Time akisimamia. Wengine huteka maji, wengine hukanyaga udongo, mikono inapita ukutani, na mama hupika wali wa nazi. Siku ile ndiyo wanaopatana na wanaogombana hukaa sufuria moja. Shabani iliyopita walikuja kama kawaida. Wakateka maji kisimani, wakakanda. Siku ya tatu udongo ukaanza kuota unga mweupe na kubanduka vipande vipande, wakajua ni chumvi. Mama mdogo Time akakufuata akakuuliza maji yamekuwaje. Bi Asha alikuwepo, anasema ulijibu, "Mambo ya matope yashapitwa na wakati, mie ntampigia mama simenti." Na ukampigia, juu ya udongo ule ule wenye chumvi, kuta zote za mbele, nje na ndani. Ukapaka na rangi.

Kaka, wewe ni mtoto wa fundi. Unajua vilevile kama mimi kwamba ukuta wa udongo hunywa unyevu wa ardhi na kuutoa jua likiwaka. Ukiuvisha saruji, unyevu unaingia kwa chini na pa kutokea hauna. Boriti zinaoza ndani kwa ndani, na mchwa wanapanda bila mtu kuwaona, maana umewafunika vizuri, umewapa stara. Bi Asha anasema ukigonga ukuta wa ukumbini unalia kama debe tupu. Anasema mama amehamisha kitanda katikati ya chumba kwa sababu ukuta unatoa jasho. Mama yetu, miaka yote ile amelala mgongo wake umegusa ukuta wake, leo anaukimbia.

Hapo nililia, sikufichi. Nililia mbele ya mgeni.

Najua kilichokusukuma. Hukuwahi kuniambia lakini najua. Watu walikuwa wanakutania msikitini, dada'ko yuko kwenye saruji na mama'ko yuko kwenye matope. Ukaona aibu. Sasa mimi ninayekaa kwenye saruji nikwambie inavyokaa.

Nilipokuja hapa palikuwa na kilima mbele ya dirisha langu, chenye misitu na tumbili. Jua la asubuhi lilichelewa kutufikia kwa sababu yake, nami nikizianika nguo nililaani. Siku hizi jua linaingia mapema. Kilima wamekilipua, wamekisaga, wamekipika kwenye tanuri lisilozimwa, limekula makaa na limekula magogo, na moshi wake tunao puani. Kimeondoka ndani ya mifuko. Ile mifuko minane, kaka, ni kipande cha kilima changu, na umekitumia kuchimbia shimo shambani mwangu. Vumbi hutua juu ya mabati, umande ukilikuta linaganda, na mvua ikinyesha yale maji ya paani hatuyanywi. Kitanda cha jirani yangu wa mkono wa kushoto kipo wazi upande wa marehemu mumewe, aliyekuwa zamu moja na Abeid. Kwa hiyo mtu akija kuniambia saruji ni maendeleo, humwambia njoo ukae na mimi wiki moja, ufue na nguo.

Sisemi saruji ni haramu. Ukingo wa kisima unaitaka, na mtoto wa mtu asitumbukie. Hata chokaa ya baba haikuwa bila madhara, tulikata mikoko kuichomea, na matumbawe tuliyoyachoma hayajarudi. Lakini baba alichukua kwa kipimo. Unalikumbuka shimo alilochimba udongo wa nyumba ya mama? Nyumba ilipokwisha alipanda migomba ndani yake, na ndiyo ile tunayokula ndizi zake mpaka leo. Alisema shimo likiachwa wazi linamsema mwenye nyumba. Wewe lako umelipanda nini?

Na bado ningekusamehe kila kitu kama ungeniambia. Ungeniambia, "Mize, nimekosea, kisima kimeharibika, nifanyeje?" Wallahi ningekujibu tutafanyaje pamoja. Lakini ulinidanganya Ijumaa baada ya Ijumaa. Nilipokuuliza minazi, ulisema inazaa. Nilipokuuliza kama Shabani walikuja kusiriba, ulisema walikuja, na hilo ni kweli nusu, na nusu yake ndiyo mbaya. Na Ijumaa iliyopita nilikutega. Nisamehe, nilikutega kama anavyotegwa mtoto mwizi wa sukari. Nilikuwa nimeshayaonja, chupa iko mezani mbele yangu, nikakuuliza kwa sauti ya kawaida, "Kaka, maji ya kisima vipi siku hizi?" Ukacheka. Ukasema, "Matamu vile vile, Mize. Kama asali."

Nilikaa na simu mkononi baada ya wewe kukata. Abeid akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, nimezungumza na kaka.

Hiyo inaitwa khiyana, kaka Faki. Nimetafuta neno jingine la adabu la kumwambia mkubwa wangu, sikulipata. Wewe ndiye uliyenibeba begani kwenda chuoni kusoma Kurani mvua ikinyesha. Wewe ndiye uliyesimama mahali pa baba siku ya ndoa yangu ukaniozesha. Kama angekuwa mtu mwingine aliyechimba, ningekupigia simu wewe unitetee. Sasa nimpigie nani?

Nakuomba mambo, na nakuomba kama mdogo wako, si kama hakimu. Gari isiingie tena shambani mwangu. Hata leo, kabla hujaikunja barua hii, mpigie dereva. Kuta mbili za nyuma za mama zilizobaki za udongo usiziguse. Zile za mbele, anza kwa chini, bandua saruji kimo cha magoti kila ilipopigwa, ndani na nje, polepole, kwa patasi na si kwa nyundo kubwa, ili ukuta upate pa kutolea jasho kabla ya masika. Boriti iliyooza ibadilishwe, usiifunike. Na shimo ulijaze makumbi ya nazi, majani, takataka za jikoni, udongo wa juu kutoka kwako kwenye mikarafuu, kila siku ndoo mbili tatu. Sijui kama maji matamu yatarudi. Bi Asha anasema upande wa Mtoni kuna kisima cha mtu kilirudi baada ya miaka. Mimi simwamini sana, Bi Asha hupenda kuniliwaza, lakini jaza.

Mimi nitakuja mwezi wa Rajabu, inshallah. Abeid amenipa ruhusa. Shabani tutasiriba nyumba ya mama. Maji tutayateka kisimani kwa Bi Asha, ambako chumvi haijafika, tuyabebe vichwani, na wewe utakanyaga udongo pamoja na wanawake, na watakaokuja kukucheka waje.

Nisalimie wifi yangu Salma, mwambie nimesikia nyumba yenu mpya ya matufali mchana haikaliki kwa joto na nyote mnahamia barazani kwa mama, basi na aje na mkeka wake. Nisalimie mama mdogo Time, aliyenifundisha kupitisha mkono ukutani bila kuacha vidole, mwambie mikono yangu haijasahau. Nisalimie maalim wetu wa chuo, aniombee dua. Wabusu watoto, kila mmoja kwa jina lake, shangazi yao anawaletea nguo za kushona mwenyewe. Abeid anakusalimu, anasema yeye hana neno, na kwa Abeid hiyo ni hasira. Na mama mshike miguu kwa niaba yangu, mwambie ujumbe wake umefika.

Limebaki moja. Chupa aliyokuja nayo Bi Asha nimempa arudi nayo, iko ndani ya mkoba wake, na kizibo nimekifunga tena kwa ile kanga. Nilipiga funda moja nikalitema. Yaliyobaki sikuyamwaga. Muombe mama kikombe, kaa karibu naye, uyanywe. Kisha mwambie yeye, usiniambie mimi, kama ni matamu.

Ni mimi nduguyo, wa tumbo moja,
Mize Shaame